Sebule Isiyo na Viti

Mtu aliyetaka kumjua Dorothy, mke wa Osundwa, hakuwa na haja ya kumhoji. Ilimtosha kuingia sebuleni mwake. Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo na mabati kama nyumba nyingi za Shianda, sakafu yake ya kukandikwa kwa samadi, lakini hiyo sebule! Viti saba vya mbao vyenye mito, meza nne, kabati la vyombo, na juu ya kila kitu kitambaa cheupe alichokifuma Dorothy kwa mkono wake, kila kimoja na tausi wake katikati. Mgeni akiketi, magoti yake yaligusa meza. Mtoto akitaka kupita, alipita ubavuubavu. Hakuna aliyelalamika, maana huko kwetu sebule iliyojaa ni heshima ya mama mwenye nyumba, na ya Dorothy ilikuwa imejaa mpaka imeshiba.

Sasa mfikirie mwanamke huyo akiitoa heshima yake yote nje, kiti kwa kiti, bila ya kuombwa na mtu.

Yalianzia kwenye mgongo wa Osundwa. Osundwa alikuwa dereva wa tinga la kuvuta miwa, mtu wa kilo tisini na sauti ya kushindana na injini. Miaka kumi na tisa alikuwa amevuta miwa ya watu kuipeleka kiwandani. Januari ya mwaka wa tisini na sita trela lilimfyatukia shambani, naye badala ya kungoja wenzake akainama kuinua kile chuma cha kuunganishia peke yake. Mgongo ulilia mara moja tu, kama kuni kavu inavyovunjwa gotini. Wenzake walimleta nyumbani juu ya majani ya miwa.

Tangu siku hiyo Osundwa akilala chini au kitandani hakuweza kuinuka mpaka ainuliwe. Na wa kumwinua alikuwa nani kama si Dorothy? Dorothy mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, ambaye kanisani walimwita kinanda kwa sababu sauti yake ilikuwa kubwa kuliko kifua kilichoibeba. Kila asubuhi alipitisha mikono yake chini ya makwapa ya mumewe, akaegemeza goti ukingoni mwa kitanda, akavuta. Siku ya kwanza walianguka wote wawili. Wiki ya pili alikuwa fundi.

Mwezi wa tatu walikwenda hospitali ya misheni, ambako daktari wa mifupa kutoka Nairobi alikuwa akija mara moja kila baada ya miezi mitatu. Daktari aliiinua picha ya mgongo dirishani, akaitazama, akasema ni kisu. Osundwa, ambaye hakuwahi kuogopa mlima wala tope, aligeuka rangi ya jivu.

"Daktari," alisema, "mimi mkinilaza hapo na hicho kisu, sitaamka. Najijua."

Aliyemwokoa ni Sista Filomena. Huyu alikuwa mtawa kutoka kusini mwa India, mwembamba, wa makamo, aliyefanya kazi ya kunyoosha viungo vya wagonjwa pale hospitalini. Alizungumza na daktari kwa muda kando ya dirisha, kisha akarudi na masharti.

"Miezi tatu," alimwambia Osundwa kwa Kiswahili chake cha kujifunzia wodini. "Daktari anakuja tena mwezi ya sita, Jumatatu ya pili. Siku hiyo wewe unalala chini mbele yake. Ukisimama peke yako, hapana shika mtu, hapana shika kiti, kisu hapana. Ukishindwa, kisu ndiyo."

Hapo hapo akamfundisha. Alivua viatu, akajilaza chini pamoja na vazi lake jeupe la utawa, akaonyesha namna ya kukunja magoti, namna ya kuinua kiuno kidogo kidogo, namna ya kupiga magoti na mikono kisha kuupinda mgongo juu na chini, na mwisho namna ya kulala chali kimya kabisa na kuhesabu pumzi arobaini. Ilikuwa yoga, alisema. Mama yake mzazi alikuwa akiifanya kila asubuhi kabla ya kwenda misa. Akamchorea Dorothy picha kumi na moja kwenye karatasi, watu wa vijiti wasio na sura.

"Na mahali," akaongeza, huku akimtazama Dorothy na si mgonjwa. "Mahali ndiyo nusu ya dawa. Chini iwe sawa. Kimya. Kila siku saa ile ile. Na hapo mahali, mama, kazi ingine isiwe."

Njia nzima ya kurudi Dorothy aliligeuzageuza neno hilo. Mahali pasipo na kazi nyingine! Katika nyumba ipi ya Shianda? Chumba cha kulala kilikuwa na kitanda, magunia ya mahindi na majembe. Jikoni kulikuwa na moshi, mafiga na kuku wanaoatamia. Chumba cha watoto, tusiseme. Walijaribu uani siku moja, na siku hiyo moja ilitosha, kwa sababu jirani yao Shikanga alikuja akasimama penye ua akitafuna muwa, akamtazama Osundwa alivyoinama na matako juu, akauliza kwa upole mwingi, "Baba Nabwire, umepoteza shilingi? Ningoje nikusaidie kutafuta?"

Osundwa alicheka, na kicheko kikamchoma mgongo hadi machozi. Kesho yake hakutaka tena kusikia habari za yoga.

Ndipo Dorothy alipoamka, akawapeleka watoto shule, akasimama katikati ya sebule yake na kuiangalia kama mtu anayeagana na ndugu. Iliuma, tusidanganyane. Kisha akabeba kiti cha kwanza.

"Unafanya nini huko?" Osundwa aliita kutoka kitandani.

"Nahama."

Viti vyote saba alivipanga chini ya mparachichi mbele ya nyumba, vikatazamana, na meza nne kati yao. Kabati alilisukuma mpaka pembeni. Alikwenda kuomba samadi mbichi kwa jirani mwingine, Wanyama, mwenye ng'ombe watatu, akaichanganya na majivu na maji, akapiga magoti akaikandika sakafu yote kwa kiganja, nusu duara juu ya nusu duara, kutoka ukuta wa ndani hadi mlangoni. Ukutani chini alipaka udongo mweupe. Kalenda zote akaziondoa, kwa kuwa aligundua kwamba macho ya mtu yakikutana na maandishi huanza kusoma hata akitaka kupumzika. Saa ya ukutani akaihamishia jikoni, maana Osundwa alikuwa akihesabu mlio wake badala ya kuhesabu pumzi. Dirishani alitundika leso yake ya kijani, na jua la asubuhi likapita humo likaingia limepoa.

Hakuishia hapo. Alijua kwamba mabati hulia jua likiyapata, kwa hiyo akachagua saa moja u nusu, baada ya watoto kuondoka na kabla bati halijapata moto. Alijua kwamba kuku hawana adabu. Saa hiyo hiyo alianza kuwamwagia mahindi nyuma ya jiko, na baada ya siku nane kuku wote wa boma, na wawili wa Shikanga, walikuwa wakikimbilia huko bila kuitwa. Kelele zilizobaki, za matinga barabarani na king'ora cha kiwanda kwa mbali, alizizibia kwa pamba, donge moja kila sikio la mumewe.

Kila siku baada ya mazoezi alivirudisha viti vyote ndani, kwa sababu mvua ya huko haikosi kupiga hodi alasiri, hasa masika. Kila asubuhi akavitoa tena. Viti saba, meza nne, kwenda na kurudi. Nawaomba mnaosema mwanamke fulani anapenda mapambo mfanye hesabu hiyo wenyewe.

Na Osundwa? Mwanzoni alikuwa akifanya kwa sababu ya aibu tu. Mtu akikufanyia yote hayo, utasema hutaki? Alilala juu ya mkeka katikati ya sakafu iliyonukia majivu, na watu wa vijiti wa Sista wakiwa wamebandikwa karibu na kichwa chake, akakunja goti na kulia kwa maumivu, akakunja la pili. Lakini polepole kitu kilibadilika. Dorothy alikuwa akimchungulia kutoka mlango wa jikoni, mwiko mkononi, na alichokiona kilimshangaza. Yule mtu aliyezoea kuongea kwa kupayuka kama bado yuko juu ya tinga alijifunza kunyamaza. Kifua kilipanda, kikashuka. Uso uliokuwa umekunjamana tangu Januari ulilegea. Alipokosea hakutukana, alianza upya. Alikuwa na subira ambayo Dorothy hakuijua katika miaka kumi na saba ya ndoa, na alijiuliza ilikuwa imefichwa wapi. Kumpenda alikuwa akimpenda tangu zamani. Kumstaajabia, hilo lilikuwa jipya, na lilimfanya aunguze uji mara mbili kwa wiki.

Mzee Andati, katekista, alikuja siku moja na uso wa mashaka. Wakati ule kila mtu alikuwa akinong'ona kuhusu waabudu shetani, na habari za Osundwa zilikuwa zimemfikia.

"Mama Nabwire, nasikia hapa kunafanywanga maombi ya Kihindi."

"Mzee," Dorothy alimjibu, "aliyetufundisha amevaa msalaba mkubwa kuliko wako. Karibu chai."

Andati alikunywa chai chini ya mparachichi, akasifu tausi, akaenda zake.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Dorothy hakuliweza, nalo ni nzi. Samadi mbichi huwaita, na alikuwa akikandika upya kila Ijumaa, kwa kuwa sakafu ya kulaliwa kila siku huchakaa. Nzi walimtembelea Osundwa usoni wakati wa zile pumzi arobaini, naye hakutakiwa kusogeza hata kidole. Isitoshe, mwili ukishatoka jasho ulipoa haraka. Basi Dorothy alifungua sanduku lake, akatoa shuka jeupe la harusi yao, akawa anamfunika nalo siku hizo kuanzia miguuni hadi juu ya kichwa. Nzi wakakosa kazi. Osundwa akasema humo ndani ni kama kuwa na chumba chake ndani ya chumba.

Miezi miwili ikaisha. Aliweza kukaa. Aliweza kugeuka upande. Aliweza kutembea hadi kwa Wanyama na kurudi, akishakuwa wima. Lakini kuinuka kutoka chini, hilo lilimkatalia. Alifika kwenye magoti, akaweka mguu mmoja mbele, na hapo hapo mgongo ukamfunga. Kila siku hapo hapo. Alinyoosha mkono, na Dorothy akaja, akapitisha mikono chini ya makwapa, akavuta.

Kitu ambacho Dorothy hakumwambia mtu ni kwamba kiuno chake mwenyewe kilikuwa kimeanza kufa ganzi. Alikifunga leso kwa nguvu chini ya nguo akaendelea. Ilipofika wiki ya mwisho, daktari wa Nairobi akiwa anatarajiwa Jumatatu, Dorothy alikuwa amechoka uchovu ule usiotibiwa na usingizi, na alikuwa na hofu. Akilini alimwona mumewe juu ya kitanda cha chuma chenye magurudumu cha hospitali. Alimsikia akisema sitaamka, najijua.

Ijumaa hiyo asubuhi alitoa viti, akakandika sakafu, akatandika mkeka. Alipomaliza kazi za jikoni Osundwa alikuwa ameshafanya mazoezi yote, amejaribu kuinuka mara mbili, na mara mbili ameshindwa. Alinyoosha mkono.

"Lala umalize pumzi zako kwanza," Dorothy alisema.

"Niinue kidogo tu, nijaribu tena."

"Nikuinue, nikuinue! Jumatatu nitakuwa pale kukuinua? Wacha wakupasue basi. Huu mkono wangu umeisha."

Neno likishatoka halirudi kinywani. Osundwa alilala chali, na Dorothy akamtia pamba masikioni, akamfunika shuka hadi kichwani, akachukua kikapu akaenda kuchuma kunde shambani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwacha chini.

Sasa tumlete Gentrix. Gentrix alikuwa dada mkubwa wa Osundwa, ameolewa mbali kule Mautuma, mwanamke mnene mwenye moyo mwepesi. Osundwa alikuwa amekataza asipelekewe habari. "Gentrix akisikia naumwa," alisema, "atakuja kulia mpaka niombe kufa." Lakini soko halina siri. Siku mbili kabla, muuza vitunguu mmoja alimwambia kwamba ndugu yake wa Shianda yuko chini tangu Januari. Gentrix hakungoja kuuliza chini vipi.

Basi alipotokea penye njia ya kuingilia bomani Ijumaa ile, macho yake yaliona nini? Viti vyote vya ndani viko nje, vimepangwa chini ya mti. Hapo mtu wa kwetu hahitaji kuambiwa. Viti vya sebuleni vinapotolewa nje asubuhi na kupangwa, kuna jambo moja tu limetokea katika nyumba hiyo. Akakaza mwendo. Mlango ulikuwa wazi. Sakafu imekandikwa, bado mbichi. Ukuta umepakwa mweupe. Katikati ya sebule tupu, juu ya mkeka, mtu mrefu amenyooshwa, shuka jeupe toka miguu hadi kichwa, haonekani kupumua. Na pale shuka lilipokuwa limeteleza kidogo kando, sikio. Na katika sikio, pamba.

Kilio cha Gentrix kilisikika hadi kwenye mizani ya miwa.

Dorothy alikisikia akiwa ameinama kwenye kunde. Mwanzo alifanya kama afanyavyo kila mtu, akageuza kichwa kutafuta ni kwa nani. Si kwa Shikanga, ni huku zaidi. Si kwa Wanyama. Sauti ya pili ikajiunga, ya tatu. Ndipo miguu yake ikajua kabla ya kichwa. Kikapu kilibaki hapo hapo. Alikimbia kati ya miwa, majani yakimkata mikono, na kitu kimoja tu kilikuwa kikimzunguka akilini. Wacha wakupasue basi. Hilo ndilo neno la mwisho nililompa. Huu mkono wangu umeisha.

Alipofika, matanga yalikuwa yameshapata wenyewe. Wanaume walikuwa wameketi kwenye viti vyake, kofia magotini, juu ya tausi wake. Shikanga, yule yule wa shilingi iliyopotea, alikuwa anapasua kuni huku machozi yakimtiririka. Mtu alikuwa amekwisha kuleta jogoo, akamfunga kwenye mguu wa meza. Kulikuwa na unga kwenye ungo. Mzee Andati alisimama mbele ya mlango na kitabu cha nyimbo, akizuia watu, kwa maana wanawake walikuwa wakichungulia tu na kurudi nyuma wakipiga mayowe. "Asiingie mtu," alikuwa akisema, "mpaka mwenye bwana aje." Na Gentrix aliizunguka nyumba na tawi la mparachichi mkononi, akimlilia ndugu yake kwa majina yote.

"Uuuwi! Osundwa wa mama! Ulikuwanga unanibebea maji nikiwa na ujauzito! Nani atanibebea? Uuuwi! Ile sukari guru ya baba, ulichapwa wewe na ni mimi nilikula! Nilikula yote, Osundwa, na nikanyamaza! Amka unichape!"

Wakamwona Dorothy. Njia ikafunguka. Gentrix alitupa tawi akamshika mabega.

"Mulamwa, wifi yangu, ulikuwa wapi? Umemwacha peke yake kwa sakafu!"

Ndivyo ilivyokuwa. Dorothy alijichomoa, akampita Andati, akaingia.

Shuka lilikuwa kando. Osundwa alikuwa amegeukia upande wa kulia, kiganja kimoja sakafuni. Macho wazi. Alimwona mkewe.

Mikono ya Dorothy, kwa mazoea ya miezi yote ile, ilikuwa imeshanyooka mbele yake, tayari kwa makwapa. Akapiga hatua. Osundwa akainua kidole kimoja. Subiri.

Alisubiri. Lilikuwa jambo gumu kuliko kubeba viti vyote vya Shianda. Nje Gentrix alikuwa amerudia kisa cha sukari guru tangu mwanzo, Andati ameanzisha wimbo, shoka la Shikanga linagonga. Mumewe hakuharakisha. Alipumua. Akasukuma sakafu, akawa kwenye magoti. Akapumua. Akaweka mguu wa kulia mbele. Hapo ndipo pake pa kufungwa, na Dorothy aliuona mgongo ukikaza, uso ukikunjamana, jasho likitoka juu ya mdomo. Osundwa akafumba macho. Hakusukumana nao. Alikaa hapo hapo, kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda, kama ana siku nzima na hakuna kilio chochote duniani. Na mahali fulani katika pumzi ya nne au ya tano, uso ukalegea. Akainuka.

Hivyo tu. Hakushika mtu. Hakushika kiti, kwa kuwa hapakuwa na kiti.

Aliokota shuka kwa kukunja magoti, sawasawa na alivyofundishwa na Sista, akajitupia begani, akatoka mlangoni. Pamba bado imo masikioni.

Sitaeleza yote yaliyotokea uani. Ni watu wa kuheshimiwa, na wengine bado wako hai. Niseme tu kwamba Mzee Andati alikaa juu ya kiti ambacho tayari kilikuwa na mtu, na kitabu cha nyimbo kilipatikana baadaye jikoni. Gentrix peke yake hakukimbia. Alisimama, mdomo wazi, majani ya mparachichi nyweleni.

Osundwa alitoa pamba, sikio la kushoto, sikio la kulia.

"Dada," alisema, "asante kwa kilio. Hiyo sukari guru tutaongea."

"Ulikuwa unasikia?" Gentrix alinong'ona. "Ulikuwa unasikia na ukanyamaza?"

"Mwanzo nilidhani mnalia kwa Wanyama, hesabu ikanipotea nikaanza upya. Halafu nikasikia jina langu. Lakini Sista alisema nisiinukange na haraka, na nilikuwa nimebakiza kumi na tatu."

Shikanga aliangua kicheko cha kwanza, kikavuka uani kutoka kiti hadi kiti, na kwenye kicheko hicho machozi ya watu yakapata kazi nyingine. Lakini Shikanga hakuwa mtu wa kuamini jambo mara moja. Alidai arudie. Osundwa aliingia ndani, watu wakajaa mlangoni na dirishani, akalala chini na kuinuka tena, polepole vilevile, na mguu wa kulia ulipokuwa mbele hakuna hata mtu mmoja aliyethubutu kukohoa. Alipokuwa wima wanawake walipiga vigelegele.

Jogoo hakurudi kwao, wala unga. Wazee walisema kilicholetwa kwenye kilio hakirudi kilikotoka, na katika mambo ya kula hakuna aliyewabishia. Jogoo alipikwa ingokho, unga ukasongwa obusuma, na Osundwa akala matanga yake mwenyewe, ameketi kwenye kiti chake mwenyewe, Gentrix akimpa minofu kwa mkono. Sukari guru haikutajwa tena siku hiyo. Gentrix alitangaza kwamba habanduki hadi Jumatatu, ili aende mwenyewe kumwonyesha yule daktari mtu anavyoinuka.

Saa kumi wingu lilikuwa limeshakaa juu ya Shianda. Wageni waliondoka mbio mbio, na Gentrix akawachukua watoto waliotoka shule akaenda nao jikoni kuwasimulia. Dorothy aliingia sebuleni kukunja mkeka ili arudishe viti. Aliinama, na kiuno kikamkatalia katikati ya safari. Basi badala ya kusimama, alishuka. Alikaa. Akalala.

Hakuwahi kuiona sebule yake kutoka pale. Mwanga wa kijani wa leso yake ulikuwa umetanda ukutani. Sakafu ilikuwa baridi na ilinuka majivu, na duara zote zilizoizunguka zilikuwa za kiganja chake. Aliona ni pazuri. Ni mimi niliyetengeneza hapa, aliwaza, na machozi yakamtoka, yakamwingia masikioni, naye akayaacha. Alimlilia yule maiti aliyemkuta akipumua, na lile neno la asubuhi, na mkono wake.

Osundwa alikuja akasimama juu yake.

"Nilisema vibaya," Dorothy alisema kutoka chini.

"Ulisema kweli. Ulichoka. Fumba macho. Pumua. Hesabu arobaini."

Akafumba. Akaanza kuhesabu. Tone la kwanza likagonga bati, la pili, kisha mvua nzima.

"Viti vyangu!" Dorothy alishtuka. "Vitambaa!"

"Wacha vinyeshewe."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Dorothy neno hilo na akabaki amelala. Siku hiyo alibaki. Alisikia mvua ikiwapiga tausi wake wote huko nje, naye akaendelea kuhesabu, na kiuno kikaanza kulegea kidogo kidogo juu ya udongo.

Baada ya muda alifumbua jicho moja. Osundwa alikuwa amekunja magoti, mgongo umenyooka, na mkono wake mpana wa dereva umenyooshwa kuelekea kwake.

"Leta mkono," alisema. "Mimi nikuinue."

Dorothy aliutazama mkono ule.

"Ngoja," akasema, akafumba tena. "Nimebakiza kumi na tatu."

Osundwa akangoja, mkono bado ameunyoosha.